Tumezunguka Mno na Mguu wa Mama

Litembo,
Mbinga.
14 Machi 2024

Mpendwa kaka Kilian,

Shikamoo. Habari za Mwanza, na kile kifua chako kimepoa? Wifi Dorah na watoto hawajambo? Huku mvua haijatuacha, na mahindi yamesimama vizuri mlimani, kwenye matuta yanayozunguka mashimo ya ngolo. Mimi mzima. Mama si mzima, nawe unajua.

Juzi darasani niliwafundisha watoto msemo wa Kiingereza, "going round in circles." Wakaniambia ni watu wanaocheza ngoma. Nikacheka, nikawaambia hapana, anayecheza ngoma anafurahi. Huu husemwa kwa watu wanaohangaika na jambo, wanaongea weee, halafu wanajikuta palepale walipoanzia. Wakataka mfano. Kaka, mfano niliokuwa nao ni wetu, nikashindwa kuutoa mbele ya watoto wa watu.

Daktari alishasema: kidonda cha sukari kimeoza, mguu ukatwe chini ya goti, la sivyo tutampoteza. Baba mkubwa Alphonce akasema kwetu mwanamke hakatwi kiungo bila wajomba kuridhia. Nikapanda gari hadi Mbamba Bay kwa mjomba Xaveri. Mjomba akasema hawezi kumruka mtoto wa kwanza, yaani wewe. Nawe kwenye simu ukasema atakachoamua baba mkubwa ndicho hicho. Jamani! Nikarudi Kitai kwa baba mkubwa, akaniuliza wajomba wamesemaje.

Najua hakuna mwenye roho mbaya. Mnaogopa tu. Akifia kwenye upasuaji, hakuna anayetaka jina lake litajwe msibani. Nami naogopa, kaka, hata usingizi sipati. Ila nyinyi hamsikii harufu ya kile kidonda. Anayekifunga ni mimi.

Jana mama mwenyewe aliniita kitandani.

"Hilaria, mnasubiri nini? Mguu si wangu?"

Nililia mbele yake.

Barua hii nampa Romanus wa jirani, anayesafiri leo kuja huko. Sikupigi simu, maana ungeniambia nisubiri kidogo. Ikikufikia, mguu utakuwa umeshakatwa. Kesho asubuhi mama anaweka dole gumba kwenye fomu ya upasuaji, nami natia sahihi chini yake.

Nisalimie wifi na watoto. Mungu awafunike huko, na mkono wake uwe juu ya mama kesho.

Sikuombi ruhusa, kaka. Nakuomba tu, wakikuuliza ni nani aliyeruhusu, usiseme ni Hilaria. Sema ni sisi.

Mdogo wako akupendaye hata akiwa na hasira,
Hilaria