Dirisha la Kidevuni

Kaka Ghassan,

Salamu nyingi toka kwa mdogo wako hapa nyumbani Trablus. Vipi Abidjan, vipi duka, watoto wazima? Mimi mgongo unauma kwa magunia ya sokoni, ila nipo. Barua hii nimeiandika kwa mkono. Kaa chini kwanza ndiyo usome. Simu nilishindwa.

Uchaguzi umepita. Haji Khaldun, mwenye nyumba, alikuwa anampigia debe Mheshimiwa wake. Watu wake wakatundika turubai toka paani hadi chini, sura ya Mheshimiwa mbele ya jengo zima. Madirisha yote yakazibwa. Letu likawa kidevuni. Abu Walid wa juu akanicheka, eti nisilalamike, yeye anaishi puani.

Mama unamjua, kifua chake. Nikamwendea Haji. Nikasema hewa haiingii, na feni bila umeme ni pambo tu. Akaniuliza, Mundhir, si ulitia sahihi mwenyewe? Mkataba unasema ukuta wa nje ni wake, mpangaji asitundike wala asiguse kitu chochote cha siasa. Siku ile natia sahihi nilidhani ni kuzuia ugomvi wa bendera. Nilifurahi, hata.

Karani wa sokoni akanisomea mkataba wote. Akasema muda wake uliisha zamani, naishi kwa hisani ya Haji tu. Haji akikohoa, niko barabarani. Na chumba kingine cha bei hii ningekipata wapi nimpeleke Mama?

Mama akaniomba nitoboe kitundu, ukubwa wa mkate, aweke pua pale basi. Kisu ninacho, cha kukatia kamba za magunia. Nikamwambia avumilie, Jumapili watu wanapiga kura, Jumatatu wanalishusha. Akasema haya mwanangu, mambo ya nje unayajua wewe.

Ijumaa nilirudi toka kazini nikamkuta amekaa, mgongo ukutani, uso kaugeuzia dirishani. Kaka, Mama ametutoka. Tumemzika kando ya marehemu mke wangu.

Siku ya pili ya matanga, mchana, jua kali nje, Mheshimiwa akaja na Haji kutoa pole. Ndiyo desturi yao wakati wa kura. Sisi ndani tuna mishumaa, kahawa chungu tunamimina kwa kupapasa. Akanishika mkono, akauliza mbona mnakaa gizani hivi. Abu Walid akanitazama, anangoja niseme. Haji naye akanitazama.

Nikamwambia umeme umekatika, Mheshimiwa.

Akasema akipata kiti atalishughulikia suala la umeme. Nikamshukuru. Nikamsindikiza hadi mlangoni.

Haji kanipa mwaka mwingine, kwa mdomo, kasema mimi mtu muungwana. Mheshimiwa kashinda. Turubai hawajalishusha, wameandika asante chini yake. Abu Walid tukipishana ngazini anatazama ukuta.

Jibu lile nililompa Mheshimiwa ndilo lililonishinda kwenye simu. Kifo ningekwambia.

Nisalimie shemeji, nibusie watoto. Msomee Mama Yasini huko uliko. Ukitaka kunitukana, nitukane, lakini andika.

Mdogo wako,
Mundhir