Mizinga Yako ya Juu Mlimani

Kitahana, Kibondo
19 Oktoba

Kwako kaka yangu Bazilio,

Naamini barua hii inakukuta mzima huko Kasulu pamoja na wifi Asnath, na kwamba mguu wake umeshapona. Sisi hatujambo, ila mimi usingizi umenikimbia. Ningekupigia simu, lakini najijua, ningezungukazunguka tu.

Mvua imeanza. Jana nilipanda mlimani kwetu, pale juu palipo bapa. Yale majani ya kwenye mwamba, ambayo kiangazi ukiyashika yanavunjika, yamerudi kijani kwa mvua moja tu. Mishubiri imechanua. Maua mekundu ya duara yametokeza kwenye majivu ya ule moto hata kabla ya majani yake. Miyombo uliyotundikia mizinga yako ya nyuki ndiyo bado myeusi, na magome yanabanduka ukiyagusa. Nililia pale kama mtoto.

Nimepata ujumbe wako kwamba Jumapili unakuja kutia sahihi ile karatasi ya kumwondoa Felisiani kijijini. Wote wanasema ni yeye aliyewasha moto, kwa kuwa Agosti alionekana akipanda kurina asali na mwenge wake. Wanasema arudi kwao Burundi, ilhali uraia anao na wanawe wamezaliwa hapa. Mkewe, Claudine, siku hizi anachota maji wenzake wakishaondoka.

Kaka, usitie sahihi. Moto niliuwasha mimi. Nilitaka nyasi changa za mbuzi wangu, nikachoma kipande kidogo, nikijidai naujua upepo. Kumbe kule juu upepo hauna adabu, ukageuka. Mizinga yako yote iliteketea nikitazama.

Nikishuka mbio nilikutana na Felisiani akipanda, mwenge wake haujawashwa bado. Alinisalimu kwa Kirundi, amahoro, akatazama mikono yangu yenye masizi, akapita. Barazani mwenyekiti alipomwuliza alikutana na nani njiani, alijibu kwamba hakumwona mtu. Nami nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, kimya. Najionea aibu, kaka.

Nakala ya barua hii nimempa mwenyekiti aisome mbele ya watu, nisije nikabadili nia. Leo asubuhi nimekwenda kwa Felisiani kuomba radhi. Claudine alinipa kiti. Felisiani aliniambia kwamba miezi yote hii alikuwa akisubiri niseme mwenyewe.

Ukija Jumapili, anzia kwake kabla ya kufika kwangu. Msalimie sana wifi, na Mungu awatunze.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Kezia