Mama Mkwe Ananifukiza Kabla Sijanyonyesha

Dada mshauri, asalaam aleikum, naomba unishike mkono maana mama mkwe wangu nampenda na sijui nimkataze vipi. Mimi niko kwenye kiwanda cha majaribio hapa Tanga, tunachukua hewa ukaa inayotoka kwenye tanuri la chokaa, tunaisafisha, tunaichanganya na haidrojeni, inapita kwenye bomba la moto lenye punje za shaba ambazo ndizo kichocheo, upande wa pili inatoka methanoli, majimaji ya kutengenezea gundi na rangi, yaani kilichokuwa kinapotelea angani kimekuwa mali. Kazi hii naiweza kwa sababu Bi Semeni, mama wa mume wangu, alisema, "Nenda mwanangu, mtoto niachie," na kweli ananilelea, ananipikia, hata nguo za kazi ananifulia, Mungu amlipe. Lakini mtoto alipoanza kukohoa, mama akasema nimemletea hewa mbaya, basi nikirudi sinyonyeshi mpaka tufunge madirisha, atie makaa kwenye chetezo na ubani juu, tukae humo sote watatu. Nikilalamika, hunijibu, "Nyie wa gesi kuingiza mnajua, kutoa hamjui!" Mume wangu Uweso anacheka tu. Juzi mtoto akalegea humo humo, bibi kichwa kikamgonga, mimi kizunguzungu. Niache kazi?

Mama Tahiri, Tongoni

Mama Tahiri, sikungoja gazeti litoke, nilikupigia simu mzime makaa na mwende hospitali. Alhamdulillahi mmepona. Sasa nikugombeze: wewe unayeshinda na gesi, ulikaaje chumba kimefungwa na makaa yanawaka? Makaa yakikosa hewa hutoa sumu isiyo na harufu, na mtoto ndiye hutangulia. Hewa ukaa ya kazini haigandi nguoni wala haiingii kwenye maziwa yako. Methanoli ndiyo sumu, kwa hiyo ovaroli ibaki kazini, oga huko huko, na mama asiifue tena. Kikohozi mwachie daktari.

Kazi usiache. Na Uweso usimtume, huyo atacheka. Mwambie mwenyewe, leo: "Mama, bila wewe nisingefika popote. Ubani nautaka, ila tufukizie uani." Akinuna, usijibizane naye. Fungua madirisha, mnyonyeshe mtoto, na umwombe akae karibu nawe.