Kode Zinaingia kwa Mama wa Ubwari

Mpendwa mshauri Mama Clarisse,

Naomba msaada wako, na naomba barua hii uisome redioni bila kutaja mtaa wangu, kwa sababu nyumba yetu yote inakusikiliza kila Alhamisi. Majina ya watu nimeyabadilisha, ila mambo yenyewe ni ya kweli na mengine ni ya aibu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, nakaa Mboko, nalima muhogo na kuuza unga kando ya barabara. Kwa mama tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu Guy, ambaye alivuka kwenda Zambia miaka minne iliyopita na huko anafanya kazi ya kujenga, na kwa kuwa namba yake ya simu hubadilika kila mwezi, leo ya rafiki, kesho ya bosi, tulikuwa tunaongea kwa Facebook tu, kwenye akaunti yangu niliyoifungua zamani kwa jina la Jojo Tamu Sana, na mwaka wa kuzaliwa nikaweka wa uongo ili nionekane binti mdogo, na penye sura nikaweka picha ya ua.

Mwishoni mwa mwezi wa pili mama yetu aliugua. Guy, ambaye huniita Yaya kwa kuwa mimi ndiye dada mkubwa, akaandika, "Yaya, mama iko aje?" nami nikamjibu, "Iko muzuri, amekula bugali." Haikuwa kweli, siku ile mama alikuwa amemeza kijiko cha maji tu, lakini Guy kila siku anapanda juu ya nyumba ya orofa tatu na mimi niliogopa mawazo yasije yakamwangusha. Siku nane baadaye mama akafariki. Wiki ile ya kilio watu walijaa kwetu, nikawa naloweka muhogo wa kuwalisha, nikainama kwenye shimo la kulowekea, simu ikachomoka kifuani ikatumbukia, na tulipoitoa ilikuwa imekwisha kufa. Mama Clarisse, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijiambia sasa hakuna wa kuniuliza mama iko aje.

Tena watu wa nyumbani waliponiuliza kama Guy amepata habari nikasema ndiyo, amepata, amelia sana, ila hana njia ya kuja. Wakaniamini, na miezi mitano ikapita hivyo.

Sasa mjomba wetu Alphonse, kaka ya mama, anayekaa hapahapa Mboko, amepanga siku ya kuondoa kilio, kumaliza matanga, mwezi ujao na anashangaa mbona Guy hatumi hata neno. Juzi alisema mbele ya wote, "Kama huyu kijana hana haya, siku ya Mungu nikitoka kanisani mi mwenyewe nitamuandikia." Mjomba ana Facebook kwa sababu ya mambo ya kwaya na Guy ni rafiki yake humo, ila hawana mazoea ya kuandikiana, na mimi najua atakachoandika, atamwandikia kwamba tangu mama yako afariki umekaa kimya kama hukuzaliwa, na mdogo wangu atajua kifo cha mama yake kwa njia hiyo, katika kugombezwa.

Nikakimbia kwa Raphaël, anayetengeneza simu hapa kwetu, nikanunua simu ya mitumba, nikatoa ile SIM yangu niliyoihifadhi ndani ya Biblia, tukaiweka, haikuamka. Raphaël akasema namba isiyotiwa unite, pesa ya kupigia, miezi mingi hufungwa na kuuzwa kwa mtu mwingine. Tulipojaribu kuingia Facebook, ikasema imetuma kode, zile namba sita, kwenye namba ileile. Tukaomba tena, na tena, labda mara thelathini kwa siku moja, mpaka Facebook yenyewe ikakataa. Tukatuma picha ya kadi yangu ya uchaguzi, ikakataa pia, kwa sababu kadi inasema Georgette na akaunti inasema Jojo Tamu Sana.

Tukapiga ile namba. Akapokea mama mmoja, na Raphaël akaninong'oneza, "Mwambie we ni wa rezo," yaani wa kampuni ya simu. Nikasema, "Mama, mi ni wa rezo, namba yako imepata zawadi, unisomee tu zile namba sita zenye zimeingia." Akacheka sana. Akasema, "Mi ni Solange, na niko Ubwari, mbali kwa boti, lakini huku nako tunasikiaka redio. Mama Clarisse alisema kode haipewake muntu, hata mwenye alikuzaa." Akakata. Kesho yake nikampigia nikamwambia ukweli wote, mama yangu amekufa, mdogo wangu hajui, nikalia. Akasema, "Jana ulikuwa wa rezo, leo uko yatima. Kesho utakuwa nani?" Akakata tena.

Nikafungua akaunti mpya, nikamwandikia Guy kwamba ni mimi yaya yako. Akajibu, "Mwizi we, yaya yangu iko na akaunti yake," kisha akanifungia nisimwandikie tena.

Na kuna jingine, nalo ndilo linaninyima usingizi. Akaunti ikifunguka nataka kwanza nisafishe kidogo, nifute lile jibu la mwezi wa pili, kisha nimwambie mama alikufa ghafla.

Nifanye nini ili mama yule anipe kode kabla ya Jumapili? Na je, kusafisha ni vibaya?

Ni mimi, Yaya wa Mboko.

MAMA CLARISSE ANAJIBU

Yaya wa Mboko, pole kwa msiba. Nimeanza na hilo kwa sababu nadhani tangu mwezi wa tatu umekuwa ukipika na kuloweka na kudanganya, na hujapata nafasi ya kupewa pole ukaipokea.

Sasa tugombane kidogo.

Barua yako ilinifikia Jumanne, na leo ni Alhamisi, kwa hiyo una siku tatu. Umeniomba nifiche mtaa, nimeuficha. Umebadilisha majina, vizuri. Lakini mwanangu, Mboko si Kinshasa. Mjomba aliyefiwa na dada, mpwa aliyeko Zambia, mpwa mwingine anayeuza unga barabarani: unadhani mzee huyo anahitaji kuambiwa jina? Kama nyumba yenu yote inanisikiliza kila Alhamisi, basi labda saa hii anakutazama. Nitarudi kwake.

Kwanza nimsalimu mama Solange wa Ubwari. Mama, hongera. Nimesema maneno yale redioni mpaka koo limekauka, nikidhani yanaishia ziwani, kumbe yalivuka. Ulifanya sawa mara ya kwanza na mara ya pili. Na wewe Yaya, usimlaumu. Ulimfundisha wewe mwenyewe kwamba sauti yako ni ya mwongo, kisha siku moja baadaye ukataka aamini machozi ya sauti ileile. Na huyo Raphaël wako, kama anajua kutengeneza simu ashukuru Mungu, lakini ushauri wa "sema we ni wa rezo" ni ushauri wa wezi, hata ukitolewa na jirani mwenye huruma.

Hayo ya akaunti nitayasema upesi, kwa sababu yana dawa. Acheni kuomba kode. Kila mnapoomba mpya, ya zamani inakufa, na mkiomba mara thelathini Facebook inawaona kama majambazi wanaotikisa mlango. Mpumzike siku tatu kamili, bila kugusa. Kisha Jumatatu, siyo kabla, panda boti uende Ubwari. Nenda na simu yako, nenda na mwanamke mwenzako, mtu mzima anayeheshimika, usiende na Raphaël. Mpigie ukishuka akuelekeze, na ukifika kwa mama Solange, usimwombe kode. Mwombe msamaha. Halafu mwambie kabla mlango haujafunguka mtakachokuta ndani: picha ya ua, jina la Jojo Tamu Sana, na barua ya mdogo wako inayosema nini. Kode ikiingia kwenye simu yake, aiandike yeye mwenyewe kwa kidole chake kwenye simu yako. Asiitamke. Asikuonyeshe. Akikuta ndani ulichosema, atajua ni kwako, na kama sivyo, mtakuwa mbele ya watu wa kijiji chake na wao wataamua. Mama Solange, kwa njia hiyo utakuwa hujavunja neno langu hata moja, na ukikataa bado, nitakuheshimu.

Ikifunguka, kabla hujasoma chochote, toa namba ya mama wa watu humo, weka ya kwako mpya, na barua-pepe utakayoikumbuka. Weka jina lililo kwenye kadi yako na mwaka uliozaliwa kweli. Wewe na wengine wote mnaonisikiliza mliojiita Mrembo wa Baraka na Mfalme wa Fizi: siku ya kupotea hakuna ofisi itakayompa Mfalme wa Fizi akaunti yake. Na SIM mnayoitegemea itieni unite hata kidogo kila mwezi. Haifai kuilaza ndani ya Biblia miezi mitano. Neno la Mungu linafufua mengi, SIM haimo.

Basi, hayo ni ya Jumatatu. Tuseme ya leo.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta kitu kimoja, sikukikuta. Mjomba wako ana Facebook. Guy ni rafiki yake humo, hajamfungia. Mnakaa mji mmoja. Simu yenye Facebook haikosi kamera. Unaweza kwenda kwake leo, ukasema "Mjomba, niazime simu," ukampigia Guy kwa video, na Guy akaona sura ya yaya yake, siyo ua. Hakuna kode hapo. Hakuna boti. Nauli ni ya miguu yako. Wewe uliyewaza kwenda kwa fundi, ukawaza rezo, zawadi, akaunti mpya na kadi ya uchaguzi, njia hii fupi hukuiona?

Uliiona. Uliizunguka, kwa sababu kabla ya kushika simu ile ni lazima umwambie mjomba kwamba Guy hajui, na kwamba ulisema anajua. Hapo ndipo uliposhindwa kupita. Kwa hiyo ukaamua kumsumbua mama wa watu kule Ubwari.

Hasira yangu inaishia hapo, kwa sababu naelewa. Uongo wa kwanza ulikuwa wa mapenzi. Mtu ana mdogo wake juu ya orofa ya tatu, mama yuko kitandani, atasema nini? Wengi wetu tungeandika vilevile, hata huo bugali tungeuongeza. Lakini uongo wa pili, wa kusema amelia sana, ulimgeuza Guy kuwa mtoto asiye na haya mbele ya ukoo mzima, na yeye hajui hata kesi inayomkabili. Miezi mitano mdogo wako anasemwa vibaya kwa ajili yako. Hilo ndilo la kuondoa kabla ya kuondoa kilio.

Kusafisha? Usifute. Siku moja atakaa peke yake atafute maneno ya mwisho kuhusu mama yake akiwa hai, na atakuta "amekula bugali." Yatamuuma, lakini atajua yaliandikwa na nani na kwa nini, kama utakuwa umemwambia. Akikuta pamefutwa, ataanza kujiuliza umefuta nini kingine. Na hiyo "ghafla" unayoitunga, iache. Mama aliugua, ulimuuguza, ulimnywesha maji kwa kijiko. Mwambie. Ana haki ya kujua kwamba mama yake alikuwa na mtu kando yake.

Mjomba, sikutaji jina. Kama umesikia na umeelewa, nakuomba kwa heshima ya dada yako, usiandike siku ya Mungu. Huyu binti akija mlangoni, usianze na kesi. Kesi mtaifanya baada ya kilio, na anastahili kugombezwa, mimi sitamtetea. Leo mpe simu, umtafutie kiti, ukae karibu naye.

Na wewe Yaya, nenda kabla jua halijazama, wakati Guy ameshuka kazini. Hakikisha kwanza yuko chini, ameketi, na kuna mwenzake karibu. Usimpigie akiwa juu ya jengo. Akipokea, uso wako utamwambia nusu kabla hujafungua mdomo, na atakuuliza swali lake lilelile, "Yaya, mama iko aje?"

Usimjibu tena kwamba iko muzuri.