Ami, Mejumaa Amesoma

Ami yangu,

Leo salamu zako nazitoa mbio mbio, utaniwia radhi. Nimekaa katika chumba cha walimu, mikono ina chaki mpaka viwikoni na moyo haujatulia. Mejumaa amesoma! Wallahi amesoma, Ami, mbele ya mwalimu mkuu na mbele ya mamake, na harudishwi chekechea tena. Najua humjui Mejumaa. Ulipotutoka alikuwa hata hajavaa sare. Lakini wewe ndiye wa kwanza niliyetaka kumwambia, nikatoa simu nikaanza kutafuta jina lako, kidole kikanikwama. Basi nimechukua kalamu.

Siwezi kukueleza ya Mejumaa kabla sijasema yetu, mimi nawe ndugu wa baba, ili na wengine watakaoisoma barua hii wajue ni kwa nini mwalimu mzima wa gredi ya kwanza analia peke yake saa sita mchana huku anacheka.

Wakumbuka nilipokuwa na miaka sita? Mamangu alikuwa akishinda kiwandani kule Changamwe, nami nikishinda nyuma yako, nimebeba kopo la brashi. Likoni yote ilikuwa na mkono wako: kinyozi, fundi wa cherehani, muuza dawa, mpaka mikahawa ya njia ya Shelly Beach. Na kila asubuhi, kabla hujafungua rangi, ulikuwa ukinisimamisha mbele ya ukuta uliouchora jana.

"Waona nini?"

"Kinyozi, Ami."

"Ah! Kinyozi hata kipofu amuona. Huyu anyolewaye je, afurahi au aogopa? Na yule wa benchini, mbona ashika kichwa?"

Nami naanza kubuni. Yule wa benchini ana harusi kesho, amenyolewa vibaya, sasa amwogopa bibi harusi. Ulikuwa ukicheka mpaka unaketi chini. Hukuwahi kuandika neno kabla ya kumaliza picha, na ulipochovya brashi kuanza herufi mimi nilikuwa nishajua zitasema nini. Nilikuwa nikikufuata herufi kwa herufi, nikikisia. Hivyo ndivyo nilivyojua kusoma, na hakuna aliyeniambia kwamba nasoma.

Na yule mbuzi je, Ami? Yule mbuzi wa bucha! Ulikuwa na haraka siku ile, ukasema mbuzi hahitaji kutazamwa, mbuzi wamejaa kichwani mwako. Ukamchora mwembamba, masikio yamelala, pembe hana, mkia umekwenda juu. Chini yake ukaandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama mabakuli, NYAMA YA MBUZI. Mwenye bucha akafungua duka asubuhi, hakuna mtu. Bibi mmoja akapita na kikapu, akasimama, akaangalia ukuta, akasema, "Astaghfirullah! Siku hizi mwauza mbwa?" Akavuta buibui lake akaondoka mbio. Tukaitwa. Ulipanda kistuli ukamtia mbuzi pembe mbili na ndevu mpaka kifuani, na mwenye bucha amesimama chini anafoka. Njiani kurudi nyumbani uliniambia, "Maneno yalikuwa sawa, mwanangu. Nani aliyeyatazama?" Nilicheka siku tatu, nisielewe kuwa nimefundishwa kitu.

Kisha nikasoma, nikaenda chuo, nikawa mwalimu. Na hapa ndipo panaponiuma.

Ulikuja shuleni mwaka wangu wa kwanza kazini, hata miezi mitatu sijamaliza. Ulikuwa na kanzu yako ya Ijumaa na makopo mawili ya rangi, brashi umezifunga kwa kitambaa. Uliutazama ukuta wa nyuma wa darasa langu, mtupu mweupe, ukaupapasa. Ukasema utanichorea soko zima, na wanyama, na watu wanaogombana, ili watoto wawe na cha kusema. Walimu wenzangu walikuwa dirishani. Nikaona haya. Nikaona rangi kwenye kucha zako, nikaona malapa yako, nikakwambia, "Ami, picha ni za chekechea. Mimi hapa nafundisha watoto kusoma."

Hukugomba. Uliinua makopo yako ukasema, "Haya, mwalimu." Miaka yote uliniita mwanangu, siku ile ukaniita mwalimu. Nilijiambia nitakuja Idd kukuomba radhi, kwa sahani ya pilau na maneno mazuri. Presha haikungoja Idd.

Basi sasa Mejumaa.

Nina watoto hamsini na wanane, Ami. Wadigo, Wakamba, Wajaluo, wa bandarini, wa sokoni, wote wamebanana. Nilikuwa nawasomesha kama nilivyosomeshwa chuoni na kama wote tunavyosomesha: mimi nasoma sentensi, darasa zima linaitikia. Tena kwa sauti! Ukipita nje ungedhani ni kwaya. Mwalimu mkuu akipita anatikisa kichwa kwa kuridhika, nami natembea nimevimba. Siku moja nikapita katikati ya madawati wanapoitikia, nikamwona Mejumaa, mtoto mwembamba, kitambaa cha shungi kimemkaa upande, anaitikia kwa nguvu kuliko wote. Kitabu amekishika juu chini.

Nikasimamisha kisomo. Nikaita mmoja mmoja mezani kwangu. Ami, nusu ya darasa walikuwa wanaimba! Wamehifadhi kitabu kizima kwa kichwa, kuanzia jalada, na neno moja hawalijui ukiwaonyesha peke yake. Mejumaa ndiye aliyekuwa nyuma ya wote. Nikimwonyesha neno anatazama viatu vyake. Nikamkazia silabi asubuhi, nikamkazia mchana, akawa hazungumzi kabisa.

Mwalimu mkuu wetu ni mama wa bara, mkali lakini haonei mtu. Akasema, "Mwalimu, huyo mtoto hajakomaa. Wiki ya kufunga shule nitampima mwenyewe mbele ya mzazi. Asiposoma, anarudi chekechea." Mamake Mejumaa anauza nyanya na vitunguu karibu na kivuko. Nilipompelekea habari alikuwa anapanga mafungu yake. Akaniambia, "Mwalimu, nduguze wawili walirudishwa hivyo hivyo. Waliona haya kukaa na watoto wadogo, wakaacha shule. Huyu nami nitamfanya nini?" Nikanunua nyanya nisizozihitaji nikaenda zangu.

Usingizi haukuja kirahisi wiki ile. Nikawa nakukumbuka wewe, na ule ukuta wa kinyozi, na "Waona nini?" Nikakumbuka lile kabati.

Katika ofisi ya mkuu kuna kabati lenye vitabu vya picha, vizuri ajabu, rangi zinang'aa. Vililetwa na wafadhili. Wageni wakija tunavitoa, tunavipanga mezani na kitambaa, tunawapa watoto watatu wasafi wavishike tupigwe picha. Wageni wakiondoka, kabatini, kufuli. Nikaenda kuomba.

"Watavirarua," mkuu akasema.

"Watavirarua, Madam. Lakini humo ndani navyo vyaliwa na mende."

Akanipa kumi na viwili, kwa masharti mengi, mpaka siku ya kumpima Mejumaa.

Siku ya kwanza sikusoma neno hata moja. Nilifungua kitabu cha watoto wa ng'ambo wanaocheza kwenye theluji nikauliza, "Mwaona nini?" Kisha mmoja akasema, "Machicha ya nazi!" Mwingine akabisha, nazi nyingi hivyo ataikuna nani? Wa tatu akasema ni gunia la unga limepasuka kwenye lori, ndiyo maana wamevaa makoti, wasichafue nguo. Ami, darasa likawaka moto! Watoto ambao sijawahi kusikia sauti zao wamesimama juu ya madawati wanatoa ushahidi. Nilicheka, na nikatamani ungekuwa umekaa pale nyuma.

Wiki ya pili nikafungua kitabu cha kuku aliyepoteza yai. Kila ukurasa kuku anamuuliza mnyama mwingine, bata, ng'ombe, punda, na maneno ni machache tu: umeliona yai langu? Nilikuwa nimeshakisoma mara mbili nyumbani. Tumefika ukurasa wa nne, nasikia kisauti kutoka nyuma.

"Mwalimu, huyu kuku mbona mjinga? Si ule pale mkia wa nyoka?"

Mejumaa. Mejumaa amesema! Nikainamia kitabu. Kweli, pembeni kabisa, chini ya tenga, kidogo mno, mkia wa nyoka. Tukarudi ukurasa wa kwanza: upo. Wa pili: upo, juu ya mti. Kila ukurasa upo, na maneno hayausemi popote, nami mwalimu mwenye cheti sikuuona. Darasa zima likaanza kumpigia kuku kelele ageuke nyuma. Ukurasa wa mwisho nyoka akatoka tumbo limevimba, na Mejumaa akaja mbele mwenyewe, sikumwita, akaweka kidole kwenye neno.

"Hapa wameandika nyoka."

"Wajuaje?"

"Kwani nani mwengine aliyetoka? Tena laanza sawa na nyanya ya kibao cha mama."

Nilitoka nje nikasimama barazani kidogo mpaka macho yakakauka.

Tangu siku hiyo hatukulala. Kila siku picha kwanza, waulizane, wabishane, wakisie ukurasa unaokuja una nini, kisha ndipo tunayaendea maneno, tuone yamesema nini na nini yameficha. Vitabu vikachafuka, sikufichi. Vina mafuta ya mahamri na viwili vimetoka majalada. Mejumaa akawa anabaki hata kengele ikilia. Lakini alikuwa anasoma polepole sana, na siku zilikwenda mbio, nami sikuwa na hakika hata kidogo.

Leo asubuhi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mamake alikuja na leso mpya, akaketi kwenye ncha ya kiti ofisini kwa mkuu. Mkuu akachukua kitabu ambacho Mejumaa hajapata kukiona, akakifungua katikati, kisha, Ami, akaweka kiganja chake juu ya picha yote. "Sitaki akisie. Asome maneno."

Mejumaa akautazama mkono wa mkuu. Akamtazama mamake. Nikaanza kutafuta kichwani maneno ya kumwombea. Ndipo kile kidole chake kikapanda juu ya karatasi.

"Ba... baba. Baba a-me... ameanguka. Baba ameanguka kwe-nye... kwenye ma... matope."

Peke yake. Bila picha, bila kwaya, bila mimi. Mamake alishika mdomo kwa leso. Mkuu akafungua kinywa aseme neno, na Mejumaa akamwahi.

"Sasa toa mkono, Madam, nione kama ni kweli."

"Mejumaa, adabu!" mamake akamaka.

Lakini mkuu ameshatoa mkono. Na kweli, baba yumo matopeni, miguu juu. Mejumaa akacheka kicheko kile cha tumboni. "Na kiatu kimemtoka! Kile, chaelea! Hawakukiandika!" Mkuu akasema, "Kiko wapi?" akavaa miwani. Wakainamia kitabu wote wawili, vichwa vimegusana, mkuu anauliza na huyu mwenye shungi la upande anamwonyesha. Wakafungua ukurasa mwingine. Na mwingine. Mimi na mamake Mejumaa tumesimama tu kama wageni, tumeshikana mikono, hakuna anayetukumbuka. Mwisho mkuu aliinua kichwa akasema, "Huyu anabaki gredi ya kwanza. Mwalimu, hivyo vitabu vingine njoo uvichukue."

Nilimkumbatia mtoto mpaka akalalamika.

Hii ndiyo habari yangu, Ami. Furaha yangu leo ni kubwa, sitaki kuifunika kwa majuto, lakini siwezi kuisema bila kusema hili pia: nilikosa. Nilikukosea wewe, na niliwakosea watoto waliopita darasani kwangu wakiimba vitabu wasivyovijua. Nisamehe. Nakuombea kila baada ya swala, Mwenyezi Mungu akujaalie nuru hapo ulipo.

Jumatatu, watoto wakishafunga shule, mkuu anataka nisimame mbele ya walimu wote niwaeleze njia hii. Watataka kujua nimeipata katika semina gani, nani mkufunzi. Wale wale waliokuwa dirishani watakuwepo. Nimeshaamua nitakalowaambia. Nitawaambia mkufunzi wangu alikuwa mchora mabango wa hapa hapa Likoni, ndugu yake baba, mwenye rangi kwenye kucha, na kwamba siku alipokuja darasani kwangu nilimwonea haya.

Lala salama, Ami.

Mimi,
mwanao, mtoto wa nduguyo