Simu Uliyokuwa Hukati

Baba yangu mwenye kofia pana,

Wiki iliyopita nilipanda jukwaani Auburn, huku ng'ambo. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni: Wakenya wamevaa kofia kama yako, Wakongo wanacheza muziki wa kantri kama vile ni rumba, na watoto wao, wanaojibu kila kitu kwa Kiingereza, wanaimba "Niwekee Viazi" kwa Kiswahili bila kukosea neno. Nikashukuru, nikapanda treni ya kurudi kwangu Penrith peke yangu. Msichana mmoja aliomba tupige picha, nikatabasamu. Aliposhuka, nililia hadi barakoa ikaloa. Wimbo ule nilikutungia wewe, Baba, na watu wote wameusikia isipokuwa wewe.

Unakumbuka jikoni kwetu Ol Kalou, Jumapili baada ya kanisa? Redio inapiga kantri, nyimbo za wachunga ng'ombe wa Amerika, wewe na kofia yako hadi mezani, Mama anakuchokoza: "Mzee, hao ng'ombe wako wa Amerika umewafungia wapi?" Ulizidi tu kugonga meza kwa vidole. Mimi nilipewa jina la mama yako, kwa hiyo uliniita Maitu, mama yangu, tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Hukuwahi kunichapa. Nani amchape mamake? Lakini siku niliyosema nataka kuwa mwimbaji, uliivua ile kofia, ukaiweka magotini.

"Maitu, kuimba ni kwa Jumapili. Jumatatu kuna kazi."

Haya, nikaitafuta kazi ya Jumatatu. Nikawa muuguzi katika hospitali ya Westmead, nawageuza wazee wa watu kitandani huku wangu yuko mbali. Nyimbo nilizitunga kwa siri, kama anayeiba sukari. "Niwekee Viazi" ulipokamilika sikukutumia. Nilitaka nikuimbie palepale jikoni, likizo ya Desemba, nikuone uso. Mkaidi mtoto wa mkaidi! Kisha korona ikaja, mipaka ikafungwa. Wanaosema subira huvuta heri hawajawahi kufungiwa ndani ya bara zima.

Miezi ile kilichoniweka hai ni simu yako. Kwangu jioni nimetoka kazini, kwako asubuhi umeshakama. Tulikuwa na mazungumzo ya dakika tano tu: mvua, viazi, goti lako. Ukisema kwaheri, hukati. Nilidhani umeitia mfukoni na kuisahau, maana simu na wewe mlikuwa hampatani. Nami sikukata, kwa vile nyumba yangu ilikuwa kimya mno. Niliiweka rafuni nikapiga pasi sare, nikaosha vyombo, nikijiimbia, huku nasikia kuku wetu wakigombana.

Ulipoondoka, niliangalia mazishi yako kwenye kioo cha simu, nimekaa ukingoni mwa kitanda. Kila mtoto anaitwa kusema neno kisha anatupa udongo. Jina langu lilipoitwa, walipiga rekodi niliyoifanya ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti, ili majirani wasinisikie nikilia. Ndio wimbo huo. Mtu akaunasa, akautuma kwenye kikundi cha ukoo, kikundi kikatuma kingine. Baada ya wiki chache ulikuwa redioni. Prodyuza wa Nairobi akauongezea ngoma na vinanda, vijana wakaucheza kwenye harusi. Sifa yangu ilianzia kaburini kwako, na udongo mkononi sikuushika. Naona aibu, Baba. Wananipigia makofi kwa kuchelewa kwangu.

Kesho yake baada ya Auburn nikampigia Mama, nikamuuliza jambo lililonikaa kooni mwaka mzima: "Mama, unadhani Baba angeupenda?"

"Angeupenda?" Mama akacheka hadi akakohoa. "We Nyambura! Kwani hakuujua? Aliuimba ubeti wa pili akikama, tena vibaya, ng'ombe anageuka kumtazama."

Ndipo akaniambia kwamba hukuwahi kuisahau ile simu. Ulikaa dirishani nayo gotini, mkono umeinuliwa, ukimfokea kila apitaye: "Nyamazeni, Maitu anaimba!" Mama naye alikuambia unisifu, mtoto ajue. Ukakataa katakata.

"Alisema, Maitu akijua namsikiliza, ataacha."

Mzee wewe! Mimi nakuficha wimbo, wewe unanificha masikio. Miezi yote hiyo tumekaa jikoni pamoja, kila mmoja akidhani amemdanganya mwenzake. Natamani kukugombeza, na ningekuwa na haki, maana mimi ni mama yako. Nimekukasirikia siku mbili nzima. Ungesema tu "vizuri," Baba. Neno moja.

Nyumba bado iko kimya. Mipaka imefunguka, nimeomba likizo, na nitakuja kuushika huo udongo hata kama nyasi zimeshaota. Lakini jana sikuweza kungoja. Nilimpigia Mama, na tulipoagana nikamwomba asikate. Hakuniuliza kwa nini. Aliiweka simu juu ya kiti chako cha dirishani, akachukua ndoo, akaenda kukama.

Nikasikia kuku. Nikawasha pasi, nikaanza ubeti wa kwanza.

Lala salama, mwanangu mkaidi.

Maitu wako mdogo,
Nyambura