Nukta ya Mwalimu

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa kituo cha darubini amenipa mzigo mzito kuliko mabega yangu. Nilinganishe algoriti nne, kanuni za kompyuta za kufuta mwanga wa nyota katika picha za darubini, ili kilichofichwa na mng'ao kionekane. Tatu ni mpya. Ya nne ni ya marehemu Mwalimu, aliyeniajiri. Kwa algoriti hiyo aliiona sayari yake — nukta moja, ubavuni mwa nyota. Ijumaa picha ya nukta hiyo itatundikwa ukumbini, mjane wake akiwepo. Chini yake, jedwali langu. Lenye sahihi yangu! Mimi, karani tu.

Jumanne, 5 Machi
Algoriti ya Mwalimu: nukta ipo, inang'aa kama jicho la paka. Mpya ya kwanza: hakuna. Ya pili: hakuna. Ya tatu: ukungu mtupu.
Nimepangusa kioo cha kompyuta kwa kitambaa. Kana kwamba ni vumbi!

Jumatano, 6 Machi
Nimerudia. Yale yale. Nimemwonyesha jirani yangu wa meza, tunayemwita Kelele. Akacheka — basi sayari imekwenda likizo. Kisha akavuta kiti karibu.
Tukapandikiza nukta bandia pichani, hafifu kuliko ile. Algoriti zote nne zikaiona. Kwa hiyo mpya si vipofu.
Akaniambia nizungushe picha kinyume. Anga huzunguka mbele ya darubini, na sayari huzunguka nayo. Sisi huzirudisha picha sawa kabla ya kuzijumlisha. Ukizizungusha kinyume, sayari yoyote hutawanyika kama moshi. Humo hamwezi kuwa na kitu.
Algoriti ya Mwalimu imeona nukta tatu humo. Zinang'aa sawa na ile. Yaani hujitungia nukta yenyewe.

Alhamisi, 7 Machi
Mkuu amesoma, amefunga mlango. Kadi za mwaliko zimeshatoka, kasema. Nibakize safu ya Mwalimu tu, hizo nyingine "tutazitazama baadaye".
Mchana mjane akapiga simu. Shikamoo, Mama. Marahaba, mwanangu. Akauliza kama kitindamimba hajambo. Ndivyo walivyoiita ile sayari nyumbani kwao! Wakubwa wote wamehama, kasema, huyu ndiye aliyebaki naye.
Nikajibu — hajambo, Mama. Ulimi hauna mfupa.

Ijumaa, 8 Machi
Mjane amewahi. Mkuu hajafika. Amekalia kiti changu, mkoba mapajani, hataki chai. Anataka kumwona mtoto kabla ya watu kujaa.
Nimesingizia kutafuta waya. Niko stoo, naandika nimesimama. Jedwali la safu nne liko mkononi, la safu moja mfukoni. Sijatia sahihi lolote.
Mlango uko wazi kidogo. Mungu wangu — sikuzima kompyuta! Picha zote nne ziko pale, bega kwa bega. Amevaa miwani, amesogea. Anafuata kwa kidole. Ya kwanza ni ya Mwalimu: anatabasamu, anaigusa. Ya pili. Kidole kinazunguka, kinatafuta. Ya tatu —
Ananiita.
"Mwanangu, njoo. Huku yuko wapi?"